Masikio ya Bi Satelaiti

Majirani walimwita Bi Satelaiti, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Roshani yake ya ghorofa ya pili ndiyo iliyomponza. Pale wenzake walipoanika nguo, yeye alifunga antena, kipima upepo alichokiunda kwa vikombe vya plastiki, na kengele ndogo ya kulia udongo wa vyungu vya maua ukikauka. Kengele hiyo ililia hata mvua ikinyesha. Alisema ni suala la marekebisho kidogo tu, na alikuwa akisema hivyo tangu siku ya kuifunga.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei hospitalini. Kutwa nzima huwa amevaa aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi, akiwaambia watu wavute pumzi, waishike, haya, waiachie. Akirudi nyumbani hunywa chai akiwa amesimama, kisha huvuta kiti kwenye meza iliyojaa waya, bisibisi na redio zilizopasuliwa tumbo. Akichoka na vidude, husoma. Alipenda riwaya za mambo yajayo: watu wanaozaliwa na kuzeekea ndani ya chombo cha angani, mashine zinazojifunza kununa, sayari yenye majua mawili ambako hakuna mtu mwenye kivuli kimoja. Alinunua vitabu vilivyotumika, na vingine vilikuwa vimepoteza kurasa za mwisho. Hivyo ndivyo alivyovipenda zaidi, kwa kuwa alijimalizia mwenyewe, na kwa maoni yake alimalizia vizuri kuliko mwandishi.

Aliishi na dada yake mkubwa, mjane aliyeshona sare za shule mpaka macho yakachoka. Dada huyo na vidude walikuwa paka na panya. Akiona kitaa chekundu kinawakawaka, alikitupia kitambaa. Simu hakuwa nayo wala hakuitaka. Alisema simu ni mlango usio na komeo, kila mtu anaingia saa aitakayo.

Basi siku moja mwana wa pekee wa Bi Satelaiti, fundi wa lifti katika mji mwingine, akamtumia mama yake zawadi. Ilikuwa spika ya kuzungumza nayo, kubwa kama kopo la maziwa ya unga. Ukiiuliza hali ya hewa, inakujibu. Ukiitaka ikukumbushe dawa au chungu kilicho jikoni, inakukumbusha, tena kwa sauti ya adabu. Mama mtu alifurahi kama mtoto aliyepewa jogoo. Dada yake aliizunguka spika ile, akaitazama juu na chini, akaipa jina la Mpangaji.

“Anakaa bure, hafagii, na kila neno analo jibu,” alisema. “Nimewahi kuwa na wapangaji wa namna hiyo.”

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Bi Satelaiti aliiuliza spika maswali juu ya nyota, na ikikosea aliisahihisha, ingawa haikuonyesha kujali. Kisha simu za mwanawe zikaanza kumtia wasiwasi.

Mara ya kwanza kijana aliuliza kama siku hizi anakula vizuri. Hilo ni swali la mtoto yeyote kwa mama yake, na akalipuuza. Mara ya pili akamwambia asipandishe mizigo ngazi zile, aombe msaada. Mama akajiuliza mizigo gani, maana ni juzi tu alipopandisha mfuko wa viazi, akasimama katikati ya ngazi akishikilia ukuta mpaka dunia iache kuzunguka, na jambo hilo hakumwambia mtu. Mara ya tatu kijana akasema, kama jambo la kupita tu, kwamba si vizuri yeye na Mama Mkubwa wagombane kwa sababu ya dirisha. Ugomvi wa dirisha ulikuwa wa asubuhi ileile. Mmoja alitaka lifunguliwe, mwingine lifungwe, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuusahau.

“Nani amekuambia?” akauliza.

“Nimekisia tu, Mama. Nyinyi lini hamjagombania dirisha?”

Akacheka, na mama yake akacheka pia, lakini alipokata simu aliitazama spika pale rafuni. Kitaa chake cha kijani kilikuwa kikiwaka kimya kimya.

Hospitalini alikuwa na rafiki mmoja wa kuzungumza naye mambo kama hayo, fundi wa mashine, mzee mwenye upara unaong'aa ambaye walibadilishana vitabu naye kwa siri kidogo, kama watu wanaobadilishana sigara. Akamweleza. Fundi akamuuliza ni nani aliyeiandaa ile spika kabla haijafika nyumbani. Bi Satelaiti akakumbuka. Mwanawe ndiye aliyeiandaa. Aliiwasha kwanza kwake, akaisajili kwa jina lake na namba yake, akasema anataka kumpunguzia mama usumbufu. Fundi akasema kwamba kwa baadhi ya vidude vya namna hiyo, aliyesajili anaweza kusikiliza kilichoko chumbani akiwa mbali. Hakusema kwamba hiki ni kimojawapo. Alisema tu kwamba vipo.

Neno hilo lilitosha. Bi Satelaiti alirudi nyumbani roho juu. Miaka yote aliwatetea wanyonge wa chuma na waya mbele ya dada yake, akisema mashine haina ubaya wake yenyewe, ina ubaya wa aliyeitengeneza. Sasa aliyeituma mashine alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na mara akaona haya kuwaza hivyo, kisha akaendelea kuwaza.

Akaanza kuishi kwa tahadhari ndani ya nyumba yake. Akitaka kukohoa, alitoka roshani. Simu za kazini alizipokea chooni, bomba la maji likiwa wazi. Jioni moja alichukua kofia ya sufu, akaivisha spika mpaka chini.

Dada yake aliyekuwa akichambua mchele akainua kichwa.

“Leo wewe ndiye unayefunika?”

“Inasikia mno.”

“Muache Mpangaji wa watu. Hana ubaya.”

Bi Satelaiti alishangaa. Huyu ndiye aliyewahi kuitupia saa ya mezani taulo. Lakini hakulifuata wazo hilo lilikokuwa linakwenda. Aliona tu kwamba kidude kimekwisha kumlainisha hata dada yake, na hofu yake ikaongezeka. Katika vitabu vyake, jambo hilo halikuwa dalili nzuri kamwe.

Yeye hakuwa mtu wa kunung'unika bila ushahidi, kwa hiyo akapanga jaribio. Walipokuwa wanakula chakula cha jioni, spika ikiwa imevuliwa kofia, alitangaza kwa sauti ya kueleweka kwamba amechoka na hospitali. Mwisho wa mwezi ataacha kazi, atafungua kibanda cha kutengeneza redio. Uongo mtupu. Hakuwa na nia hiyo hata ndotoni. Dada yake alibaki ameshika kijiko hewani.

“Umefikiri sawasawa, mdogo wangu?”

“Nimefikiri,” akasema, huku jicho likiwa kwenye kitaa cha kijani.

Kesho yake, kabla jua halijafika utosini, simu ikalia. Mwanawe alizungukazunguka kwanza, akauliza hali ya hewa, akauliza bei ya nyanya. Halafu akasema, “Mama, hebu mambo ya kazi usiyafanyie haraka. Redio siku hizi nani anatengeneza?”

 Bi Satelaiti alikuwa amelitaka jibu hili, na sasa alipolipata hakujua aliweke wapi. Akamwambia kijana kila kitu: ngazi, dirisha, kofia, jaribio. Akamwambia kwamba hata gerezani mtu huambiwa kuwa anasikilizwa.

Kijana alimwacha amalize.

“Mama, kidude hicho sijakigusa tangu nikutumie.”

“Umejuaje, basi?”



“Siwezi kukuambia.”

“Jasusi yeyote angejibu hivyohivyo,” akasema mama, akakata simu. 

Jioni hiyo aliiteremsha spika, akaipindua. Chini ya mpira wa kuzuia kuteleza kulikuwa na skrubu ndogondogo. Akazifungua kwa bisibisi yake nyembamba. Kwa kawaida alikuwa na mkono mwepesi, mtu wa kuufungua mfuniko kama anayemvua mtoto shati. Siku hiyo alikuwa na hasira. Akavuta, na utepe mwembamba wa nyaya uliounganisha juu na chini ukachanika. Kitaa cha kijani kikazimika.

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni.

“Umemuua?”

“Nimeziba masikio ya mwanangu.”

 Dada akabadilika uso. Akasema anakwenda kulala mapema, na jua lilikuwa bado halijazama.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa tulivu kwa utulivu usiopendeza. Kijana hakupiga simu. Vipande vya spika vilikaa ndani ya beseni juu ya meza, na Bi Satelaiti alipita karibu navyo kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyempiga jiwe. Hakutaka kujiuliza kama amekosea. Hata hivyo alikuwa na jambo jingine la kumshughulisha. Kile kizunguzungu kilikuwa kinarudi. Asubuhi moja, alipoinama kunawa uso, bafu zima likazunguka. Akalishika karai la kunawia kwa mikono yote, kisahani cha sabuni kikaanguka na kupasuka. Dada akauliza kuna nini. Akamjibu kwamba sabuni imeteleza.

Adhuhuri ya siku hiyohiyo, akiwa nyuma ya kioo cha chumba cha eksirei, mgonjwa ameshika pumzi upande wa pili, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Ulitoka kwa mwanawe. Alisema anajua mama yake amemkasirikia, na ana haki, lakini tafadhali amuone daktari kuhusu kizunguzungu, asingoje mpaka aanguke.

Aliusoma akausoma tena. Mgonjwa masikini alibaki ameshika pumzi mpaka akaanza kukohoa.

Mpangaji alikuwa maiti ndani ya beseni. Bafuni hakukuwa na kidude chochote, labda mswaki. Jioni hiyo aliipekua nyumba kama askari: alifungua saa ya ukutani, akaangalia nyuma ya televisheni, akapindua birika la umeme, akachungulia hata ndani ya kengele ya vyungu. Dada yake alimfuata kwa macho tu, mikono mapajani, bila kutoa mzaha hata mmoja. Na yeye mizaha haikumpungukia hata msibani.

Alipomsimulia fundi wa mashine, yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kitu ambacho kilimkera.

“Ulipofanya jaribio lako, sebuleni kulikuwa na masikio ya nani?”

“Yangu, ya spika, na ya dada yangu. Lakini dada yangu hajui hata simu inawashiwa wapi.”

Fundi akakuna upara. Akasema mfupa ukipigwa picha ya mbele tu unaweza kuonekana mzima kabisa, na yeye Bi Satelaiti ndiye aliyemfundisha hilo. Kwa nini basi jaribio lake alilipiga upande mmoja? Bi Satelaiti akamwambia arudishe kitabu chake cha mwezi uliopita, akaondoka. Lakini njia nzima ya kurudi kwenye chumba chake neno lile lilimfuata kama kijiwe ndani ya kiatu.

Mchana wa siku iliyofuata mashine ya eksirei ilizimwa kwa matengenezo, na wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda. Akafika nyumbani saa ambayo hakuna aliyemtarajia. Alifungua mlango taratibu, kwa mazoea tu, akavua viatu. Kutoka chumbani kwa dada yake akasikia sauti. Dada alikuwa anaongea, ananyamaza, anaongea tena, kama mtu anayejibiwa.

Bi Satelaiti akasogea ukumbini, mgongo ukutani. Alijua anachofanya ni kosa lilelile alilomshtaki mwanawe, lakini miguu haikukubali kurudi.

“Hapana, leo ametoka bila kula,” dada alikuwa akisema. “Mkate ameuacha nusu... Ndiyo, ameshika ukuta tena. Anadhani simwoni... Mwanangu, hatanisikiliza mimi. Wewe unajua alivyo. Nikimuuliza, atasema ni viatu... Usilie. Nitakuwa naye. Marehemu mama nilimshika mpaka mwisho, huyu nitashindwaje?”

Bi Satelaiti akashika ukuta, na safari hii hakikuwa kizunguzungu. Mama yao alianza hivyohivyo, kwa kushika kuta. Wakati huo yeye alikuwa chuoni, mbali. Aliletewa habari kwa mafungu madogomadogo, yaliyopunguzwa makali, na alifika nyumbani mambo yakiwa yamekwisha. Dada yake ndiye aliyekuwa amemlisha, amemwogesha, amemgeuza kitandani.

Akausukuma mlango.

Dada alikuwa ameketi kitandani, sikioni ameweka simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Bi Satelaiti aliitambua mara moja. Ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa ameitupa kwenye kapu la vitu vibovu, akaitangaza kuwa haifai tena.

“Inafanya kazi?” lilikuwa neno la kwanza kumtoka.

“Ilitaka chaja tu,” dada akasema. Hakuificha. “Laini mwanao alinitumia ndani ya sanduku la uzi. Nilimwapisha asikuambie. Hata ulipomtukana nilimwambia avumilie, na hapo nilikosa. Usiku ule sikulala.”

“Ulinichunguza ndani ya nyumba yangu, Dada.”

“Nilikuchunguza, ndiyo.”

“Ungeniuliza.”

“Nimekuuliza juu ya sabuni. Ukaniambia nini?”

 Bi Satelaiti aliketi upande wa pili wa kitanda. Hasira alikuwa nayo, tena ya haki. Hakuna mtu mzima anayependa kuhesabiwa matonge. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu alichokikimbia muda mrefu. Yeye aliyeona ndani ya vichwa na vifua vya watu kila siku hakutaka mtu aone ndani ya kichwa chake. Alikuwa anajua picha mbaya inavyoonekana. Alikuwa ameamua, bila kujiambia, kwamba isiyopigwa haiwezi kuwa mbaya.

Kwenye simu sauti ndogo ilikuwa ikiita, “Mama Mkubwa? Mama Mkubwa, kuna nini?”

Dada akamnyooshea simu. Bi Satelaiti akaichukua.

“Ni mimi,” akasema. “Nimesikia.”

Mama na mwana wakakaa wanasikilizana wanavyopumua. Mwishowe mama akasema kesho atakwenda kwa daktari, na kwamba neno lile la jasusi analirudisha lilikotoka. Kijana akajibu kwamba limemuuma. Hakusema si kitu, wala hakucheka. Mama yake akaona hiyo ndiyo stahili yake.

Daktari alikuwa mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Alimlaza, akamgeuza kichwa upande mmoja kwa ghafla, akayatazama macho yake yakichezacheza, akamgeuza upande wa pili. Dada, ambaye hakukubali kubaki nje, alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kama ngao. Wakampiga na picha ya kichwa pia, na kwa mara ya kwanza Bi Satelaiti ndiye aliyeambiwa atulie asijitikise. Picha ilikuwa safi. Tatizo, daktari akasema, liko kwenye sikio la ndani. Humo mna vijiwe vidogo mno vinavyoueleza ubongo mwili umeelekea wapi. Vyake vimetoka mahali pake na kuingia kwenye mfereji usio wake. Kuna namna ya kumlaza na kumgeuza ili virudi, na huenda ikabidi kurudia.

Dada yake aliketi palepale kwenye kiti cha mgonjwa na kufuta uso. Bi Satelaiti yeye alikuwa amekwisha kuinuka kwa kiwiko.

“Unasema miaka yote nimekuwa na kipima usawa kichwani?”

“Viwili,” daktari akasema. “Kimoja kila upande. Lala, tafadhali.”

Njia nzima ya kurudi alikuwa akimweleza dada yake jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, akichora mifereji hewani kwa kidole. Dada alisema ndiyo, ndiyo, huku amemshika mkono, na walipofika kwenye ngazi hakuuachia.

Spika haikupona. Bi Satelaiti alijaribu kuulehemu ule utepe mara kadhaa, lakini nyaya zake zilikuwa nyembamba kuliko subira yake, na mwishowe akampa fundi wa mashine avune anachoweza. Kwa mwanawe ilichukua muda zaidi. Kijana alipiga simu, alikuwa na adabu, aliuliza afya, lakini yale mazungumzo ya bei ya nyanya hayakurudi haraka. Mama yake hakumharakisha. Siku moja alimtumia riwaya isiyo na kurasa za mwisho, akamwambia amalizie mwenyewe kisha amsimulie. Kijana akamsimulia mwisho wa ovyo kabisa, lifti ikiwa ndani yake, na wakabishana mpaka salio likaisha.

Dada naye alibaki na simu yake, sasa hadharani, akiishika mbali na uso kama anayesoma kibandiko cha sumu. Walipatana jambo moja: habari za kizunguzungu Bi Satelaiti atazisema mwenyewe, na dada hatapeleka kitu ambacho hajamuuliza kwanza. Mengine dada aliachiwa azungumze apendavyo.

Kwa hiyo alasiri nyingine, Bi Satelaiti akiwa jikoni anamenya viazi, husikia mlango wa chumba cha dada yake ukirudishwa polepole, na mnong'ono ukianza. Shingo humwasha. Humo ndani linatajwa jina lake, ana hakika, tena kwa kupigiwa chuku. Huweka kisu chini, husikiliza kidogo. Halafu hufungua bomba la maji mpaka mwisho, na kuendelea kumenya.